Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 13: Mtoto Aliye Katikati

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu wa msikiti, kina mama, kina baba na vijana. Waliokula daku Allah aibariki, na waliopitiwa na usingizi mpaka adhana, Allah awape subira ya leo.

Tangu mwezi uanze nimeulizwa swali moja mara tatu. Mara mbili na kina mama, mara moja na babu anayelea wajukuu: "Ustadh, huyu mtoto si mgonjwa, lakini masomo hayashiki. Wanataka pesa za mwalimu wa pembeni, wanataka nauli ya kumpeleka shule nyingine, mimi napata wapi?" Nimeona nijibu hapa, maana wakiuliza watatu basi walionyamaza ni wengi.

Mnamjua mtoto huyu. Anatembea, anacheza mpira uwanjani, anasalimia wazee. Ukimtuma dukani vitu vitatu anarudi na kimoja, na chenji amesahau. Yuko Gredi ya 4 na bado anakwama kwenye neno la silabi tatu. Chuoni wenzake wamefika Naba'i, yeye tangu mwaka jana yuko Alam Tara. Majina amepewa mengi: mzito, zuzu, mvivu. Na mama yake anayasikia yote, hata yale yanayosemwa nyuma ya pazia la wanawake baada ya taraweh.

Kila tukitaja ulemavu tunasimulia kisa cha Abdullah bin Umm Maktum, na ni kisa kitukufu. Leo nitakiacha, kwa sababu upofu unaonekana. Kipofu akiingia msikitini watu kumi watainuka kumshika mkono. Mtoto huyu haonekani ana nini, kwa hivyo hashikwi mkono, anashikwa sikio.

Katika hadithi ya Bibi Aisha radhiyallahu anha, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume swalallahu alayhi wasallam ametufundisha kuwa aliye hodari wa kusoma Qur'ani yuko pamoja na malaika watukufu, na yule anayeisoma kwa kukwamakwama, ikawa nzito kwake, ana ujira mara mbili. Mara mbili, jamani. Hakusema asamehewe, wala hakusema atavumiliwa. Sasa tuangalie chuo chetu kinamlipa nini mtoto huyu. Mara nyingi ni kiboko na kukalishwa nyuma. Anayelipwa mara mbili mbinguni tunamchapa mara mbili hapa chini. Na kumchapa mtoto shuleni kumekatazwa pia na sheria ya nchi, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, mwalimu asije akasema hakujua.

Haya, twende kwenye pesa, maana ndiyo niliyoulizwa.

Kwanza niseme pesa isiende wapi. Najua nyumba ambazo zimeuza bangili za dhahabu kumpeleka mtoto kwa "mtaalamu" aliyesema amekaliwa na jini la kumfunga ulimi. Kumsomea mtoto Qur'ani ni jambo jema, msomee wewe mwenyewe mama yake, kila usiku, bure. Lakini anayekuandikia bei ya siku saba na bei ya siku arubaini huyo ana duka. Kabla ya shilingi kwenda huko, mtoto apimwe macho na masikio. Wako watoto walioitwa wazito miaka mitatu kumbe hawaoni ubaoni, au sikio moja limeziba usaha tangu wakiwa wachanga. Miwani si bei ya bangili.

Macho na masikio yakiwa sawa, hatua inayofuata ni tathmini. Wizara ya Elimu ina vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum ya masomo, wenyewe wanaviita EARC, na vilianza hapa Kenya tangu mwaka 1984. Wengi wetu hatujawahi kuvisikia. Ukienda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako ukauliza, watakuelekeza kilipo cha karibu. Pale hawatafuti wazimu. Wanakaa na mtoto, wanaangalia anavyosoma, anavyohesabu, anavyosikiliza na kuongea, kisha wanakwambia abaki darasa la kawaida akisaidiwa, au aende shule yenye kitengo cha elimu maalum, au aonane na daktari. Chukua cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule za mihula iliyopita na madaftari yake mawili matatu. Daftari la mtoto linazungumza kuliko maelezo ya baba.

Kwa nini naanza na karatasi mtu ameniuliza pesa? Kwa sababu bila ile ripoti, kila mlango utakaogonga watakuuliza, "Nani amesema mtoto ana shida?" na wewe utabaki kusema "Mimi mama yake." Na wengi wetu Pwani tunajua adha ya karatasi, kitambulisho tu kimewazungusha watu miaka. Ndiyo maana nasema anza mapema, usingoje muhula uanze ndipo ukimbilie cheti cha kuzaliwa.

Sasa serikali. Hapa nitasema ukweli hata kama unauma. Ile pesa ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa upande wa ulemavu imewekewa wenye ulemavu mkali, wale wanaohitaji mtu wa kuwashughulikia muda wote. Mtoto anayecheza mpira hataingia humo. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina ofisi katika kaunti na lina mfuko unaosaidia karo na vifaa, lakini lazima kwanza mtoto asajiliwe, na usajili unapitia kwa madaktari wa hospitali ya serikali. Mwenye ugumu mdogo wa kujifunza huenda akapita, huenda asipite. Nenda ujaribu, mradi usidanganye. Kuna watu wanaotembeza maneno ati wanaweza kukupatia barua inayosema mtoto wako hali yake ni mbaya kuliko ilivyo. Ndugu yangu, uko kwenye swaumu. Ile nafasi ukiichukua kwa barua ya uongo, nyuma yako yuko mtoto asiyeweza kugeuka kitandani aliyekosa zamu.

Basari za kaunti na za eneo bunge nyingi huelekezwa kwa sekondari na vyuo, lakini fomu zikitoka chukua, na ikiwa mtoto yuko shule maalum ya bweni au kitengo cha elimu maalum eleza hivyo na uambatishe ripoti ya tathmini. Shule ya msingi ya serikali yenyewe haifai kukutoza karo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kifungu cha 54 kinamtaja mwenye ulemavu kuwa ana haki ya kuingia shule kama wenzake. Mwalimu mkuu akikwambia "mtoto huyu atatuharibia wastani, mtafutie kwingine", hiyo si sheria, ni maoni yake. Mwombe aandike. Wengi wakiombwa waandike hunyamaza.

Mmeona basi mtoto huyu anaangukia wapi. Msaada wa serikali unamtazama aliye na hali ngumu zaidi, na ni haki, hakuna anayelalamika. Darasa la watoto sitini linamtazama aliye mwepesi. Huyu wetu yuko katikati. Hali yake si mbaya kiasi cha kusaidiwa, wala si nzuri kiasi cha kufaulu. Mkondo huo wa katikati ndio ninaotaka sisi wa msikiti tuusimamie, na Allah ametupa chombo chake.

Katika Surat At-Tawba, aya ya 60, Allah amewataja watu wa aina nane wanaopewa zaka, na wawili wa mwanzo ni mafakiri na maskini. Watu wengi wakisikia maskini wanamfikiria aliyekaa mlangoni Ijumaa na bakuli. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi'i wametufafanulia vizuri zaidi. Fakiri ni yule ambaye alichonacho hakifiki hata nusu ya mahitaji yake, kama mtu anayehitaji kumi akapata mbili au tatu. Maskini ni anayehitaji kumi akapata saba au nane. Yaani anafanya kazi! Ana tuktuk, au ni mlinzi, au anauza mahamri na mbaazi asubuhi. Ana nguo safi, anapanga nyumba, anafunga na kufuturu kwake. Lakini saba si kumi.

Tuseme nyumba inahitaji shilingi 30,000 kwa mwezi ikiwa na watoto wanne wa kawaida, na baba anapata 28,000. Wanabanabana, mwezi unakwisha. Sasa ongeza mmoja katika wale wanne anayehitaji mwalimu wa kukaa naye saa moja mara tatu kwa wiki, nauli ya kwenda shule yenye kitengo iliyo mitaa mitano mbele na mtu mzima wa kumvusha barabara, na siku za kliniki ya matamshi. Na mama muuza mahamri ndiye wa kumpeleka, kwa hivyo biashara ya asubuhi imekufa. Mapato yameshuka, mahitaji yamepanda. Mtu aliyekuwa mtoaji wa sadaka mwaka juzi, leo kwa hesabu ya fiqhi ni mstahiki wa zaka, na yeye mwenyewe hajui. Anaona haya hata kulifikiria.

Allah anamjua mtu huyu. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 273, amewasifu mafakiri ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia, huwatambui ila kwa alama zao, hawaombi watu kwa kung'ang'ania. Nimeirudia aya hii mara nyingi na kila mara najiuliza, ikiwa hawaombi, basi kazi ya kuwatambua ni ya nani? Si yao. Ni ya mwenye mali, na ya jirani, na ya kamati ya msikiti, na ya mwalimu wa chuo anayemwona mtoto kila jioni na anajua nani viatu vimemkwisha.

Kwa hivyo mama, wewe unayesoma hapa usiku huu ukiwa umemaliza kuosha vyombo vya futari. Kupokea zaka ukiwa unastahiki si kuomba. Ni fungu lako aliloliweka Allah katika mali ya mwingine, na yule anakushukuru kwa kumsaidia kulifikisha. Nenda kwa imamu, au mtume mtu unayemwamini. Peleka ripoti ya tathmini, sema mahitaji kwa hesabu: mwalimu kiasi hiki, nauli kiasi hiki, miezi mingapi. Watu wanaogopa kutoa kwa shida isiyo na mwisho, lakini ukisema "shilingi kadha kwa mwezi mpaka mwisho wa muhula wa tatu" mtu anajua anabeba nini.

Na wewe uliyejaaliwa, nina maneno kidogo. Kuna baba aliyeniuliza kama anaweza kumpa zaka yake mwanawe mwenyewe anayesoma kwa shida. Hapana, mwanao matumizi yake ni wajibu juu yako, huwezi kulipa deni lako kwa deni lako. Lakini mjomba anaweza, shangazi anaweza, khalati anaweza, na Mtume swalallahu alayhi wasallam amefundisha kuwa sadaka kwa jamaa ina mambo mawili, sadaka na kuunga udugu. Tazama kwanza ndani ya ukoo. Mara nyingi tunapeleka zaka mbali kwa picha tuliyotumiwa kwenye simu, na mtoto wa dada yuko nyumba ya tatu hana miwani.

Zaka akabidhiwe mwenyewe, na kwa mtoto mdogo akabidhiwe walii wake. Ukitaka kumlipa mwalimu moja kwa moja, mwombe ruhusa mzazi kwanza. Wala si lazima umwambie "hii ni zaka". Ukishatia nia na ukajua anastahiki, inatosha. Mpe kwa M-Pesa usiku, mnyamaze nyote wawili. Tafadhali tusipige picha. Mtoto huyu atakua, ataoa, hana haja ya kukuta sura yake kwenye simu za watu akipokea bahasha.

Jambo jingine ambalo nina hakika nalo kwa kuona: mtoto wa namna hii haokolewi na harambee. Harambee ni nzuri kwa upasuaji, kwa maiti, kwa paa lililoanguka. Huyu anahitaji kidogo kidogo bila kukatika. Shilingi 50,000 za Ramadhani zitaliwa na deni la dukani na kodi ya nyumba, hata mama akiwa mwaminifu vipi, maana njaa haisubiri muhula. Lakini watu watano wakishikana, kila mmoja akatoa 1,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, mwalimu anakuja Jumatatu, Jumatano na Alhamisi bila kukosa, na kwa mtoto anayejifunza taratibu, kutokukosa ndiyo dawa yenyewe. Vyama vya kina mama wa mtaani wanajua kazi hii kuliko sisi wanaume wa safu ya mbele. Wao mzunguko hauruki.

Na wenye uwezo mkubwa wafikirie wakfu. Sayyidna Umar radhiyallahu anhu alipopata ardhi Khaybar akamwendea Mtume kutaka ushauri, akaelekezwa aizuie asili yake na atoe sadaka matunda yake. Haikuuzwa wala kurithiwa, na maskini wakala mazao. Mji wetu una nyumba na mashamba ya wakfu ya wazee waliotutangulia, na kuna Tume ya Wakfu iliyoundwa kwa sheria. Lakini niambieni, ni nani katika sisi wa leo ameandika hata chumba kimoja cha kupangisha kodi yake isomeshe watoto wazito wa kusoma? Tumejenga minara. Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kuanzia 705 hadi 715, alijenga misikiti mikubwa kuliko yetu yote, na wanahistoria wanamsimulia pia kwamba aliwawekea wenye ukoma posho wasilazimike kuomba, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Minara na posho vilitoka mkono mmoja.

(Kuhusu fitri: msiitegemee kwa karo. Fitri ni chakula, ni kibaba cha watu kula siku ya Idi. Nimeona watu wakichanganya, ndiyo maana nasema.)

Nimwambie pia baba, maana hili si la mama peke yake. Wako akina baba wanaokataa mtoto asipimwe. "Mimi mwanangu si mwendawazimu." Wallahi hakuna aliyesema hivyo isipokuwa wewe. Kukataa kwako kunamgharimu mtoto miaka, na miaka ya mwanzo ndiyo inayoshika. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 5, Allah anapowataja wasioweza kusimamia mali, ameamrisha walishwe na wavishwe humo, na waambiwe maneno mazuri. Maneno mazuri yamewekwa pamoja na chakula na nguo. Baba asiye na shilingi ya mwalimu bado anayo hii: leo futari ikiisha, mkalishe mwanao, msomee mstari mmoja, akikwama ngoja. Ngoja tu. Usimalizie neno kwa niaba yake.

Ewe Mola wetu, wafungulie vifua watoto wetu, uwatie nuru wale ambao herufi ni nzito kwao, na uwape wazazi wao riziki ya halali isiyowafedhehesha. Amin.

Ninaloomba kwenu wiki hii ni dogo. Walimu na makarani waliostaafu, mnaojua kujaza fomu, mkae ua wa msikiti baada ya Alasiri japo siku mbili, wanawake wawe na wenzao upande wao, msaidie kuandika barua na kupanga karatasi. Wenye tuktuk, mmoja ajitolee asubuhi moja kuwapeleka kina mama kituo cha tathmini na kuwarudisha. Walimu wa chuo, nileteeni kimyakimya majina ya watoto mnaowaona wanakwama, kwa mkono, sio kwenye grupu. Na aliye na mtoto wa namna hii na bado anaona haya, anitumie ujumbe neno moja tu, "mtoto", nitaelewa nami nitampigia.

Kesho in shaa Allah tutaendelea na zaka ya biashara, hasa kwa wenye maduka ambao mali yao nyingi imekaa kwenye madeni ya wateja.

Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.